Mrejesho: tetea wangu aliyetokwa na vipele machoni

Assalaam alaykum. Wiki tatu zilizopita niliuliza kuhusu tetea wangu, hapa Wete, aliyetokwa na vipele vyeusi kwenye upanga wa kichwani na kope, nikihofia ugonjwa wa kideri. Bwana mifugo alipomtazama alisema ni ndui ya kuku, ugonjwa wa virusi unaoenezwa sana na mbu na usio na dawa ya kuuponya. Aliyenishauri nimpake mafuta ya taa anisamehe, sikuthubutu.

Kazi kubwa ilikuwa macho. Magamba yaliyaziba yote mawili, na kuku asiyeona hawezi kula, hivyo kila asubuhi niliyalainisha kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, bila kuyabandua, kisha nikamlisha pumba zilizoloweshwa kwa mkono wangu. Vidonda vya upanga nilivipaka iodini. Siku ya kumi na mbili magamba yalianguka yenyewe, na macho yalikuwa mazima.

Wenzake sita wasio na dalili walichanjwa kwenye ngozi ya bawa kwa sindano ya ncha mbili. Siku ya nane niliona uvimbe mdogo palipochomwa, ishara kwamba chanjo imeshika. Vifuu vilivyojaa maji na viluwiluwi vya mbu nyuma ya banda nimevimwaga. Kutaga bado hajaanza.