Tupeane uzoefu: chama chenu kilimpataje wa kumkabili rais aliye madarakani?

Mwanzisha mada, Nakuru
Hamjambo wote. Tangu gumzo la nani amkabili Ruto 2027 lianze, kwetu chakula cha jioni hakiliki kwa amani. Kaka yangu ni wa Kalonzo, mkewe ni wa Matiang'i, mimi nasema yeyote, mradi awe mmoja. Wachambuzi tumewasikia vya kutosha. Namtaka mtu aliyekuwa ndani: chama chako kiliamuaje, na wewe kura yako ulimpa nani? Matusi pelekeni kwingine.

Babu wa Kaloleni
Mimi ni wa FORD, chama cha upinzani, ile ya kwanza, kabla haijapasuka. Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kilipofutwa Desemba 1991 tulijua Rais Moi kwisha. Kadi nilinunua mapema, nikaifunga kwa nailoni pamoja na kitambulisho. Kisha yakaanza makundi ndani ya chama: la Agip House linamtaka Jaramogi Odinga, la Muthithi House linamtaka Matiba. Juu juu ulikuwa ubishi wa utaratibu. Mgombea achaguliwe na wajumbe, au kila mwanachama apige kura, kama alivyotaka Matiba? Chini kwa chini kila upande ulikuwa umeshapiga hesabu za kwao. Kwenye ploti yetu mimi Mjaluo na fundi cherehani Mkikuyu tulikuwa tunachangia betri za redio ili tuisikilize BBC. Uchaguzi ulipokaribia kila mtu alikuwa na redio yake na betri zake.

Zikaandikishwa FORD mbili, Kenya na Asili, nami nikabaki na kadi isiyo na mwenyewe. Kibaki alishajitenga zamani na chama chake cha DP. Desemba 29, 1992, Moi akapita na asilimia 36 hivi. Matiba 26, Kibaki 19, Jaramogi 17. Jumlisheni wenyewe.

Wakili wa Mtaani
Babu, shikamoo, lakini kujumlisha tu hakutoshi. Sheria ilidai pia asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Jaramogi angezitoa wapi huko Mlima Kenya?

Babu wa Kaloleni
Marahaba. Ndiyo maana tulimhitaji mmoja, mwanangu. Ila siwezi kuapa kwamba wafuasi wa yule aliyeachwa wangekuja. Fundi aliniambia wazi: Matiba asipokuwepo, heri abaki Moi. Na kwetu yalisemwa hayo hayo.

Mama wa Tala
Mimi ni 2007. Chungwa, alama ya upande wetu, lilikuwa letu sote tangu kura ya maoni ya 2005. Mwezi wa nane chama kikakatika, Kalonzo akabaki na ODM-Kenya, na Septemba mosi wajumbe wa ODM wakampitisha Raila kule Kasarani. Mimi nilimpigia Kalonzo bila kusita. Tume ya uchaguzi ikatangaza Rais Kibaki 4,584,721, Raila 4,352,993, Kalonzo 879,903. Shemeji yangu wa Kisumu mpaka leo ananiita "Laki Nane". Namwambia kura hizo hazikuwa deni la mtu. Bila Kalonzo wengi wetu tungempa Kibaki. Tena hesabu yenyewe ilileta balaa lililozika watu, sasa anataka nilie kwa ajili ya laki zangu tu?

Dereva wa Tunduma
Salamu kutoka Tanzania. Huku nasikia watu wakisema mgombea akianguka mara mbili atupwe. Njia yangu ni Tunduma hadi Lusaka. Hichilema wa Zambia aligombea urais 2006, 2008, 2011, 2015 na 2016, zote akaanguka. Pale ninapokula nshima Kapiri Mposhi, mama mwenye kibanda ni UPND damu, chama cha Hichilema, na vijana walikuwa wanamchamba: mbadilisheni huyo mzee wa kushindwa! Jibu lake lilikuwa hesabu. Mwaka 2016 Rais Lungu alimpita kwa kura laki moja hivi, ukimtoa sasa unaanza sifuri na sura ngeni. Agosti 2021 akapata asilimia 59. Lakini tusidanganyane, kwacha ilikuwa hoi na unga haukamatiki. Njaa ilimfanyia kampeni kuliko chama.

Mwana Lindi
Sisi Tanzania 2020 tulikuwa na Membe kupitia chama chetu cha ACT, CHADEMA wakamsimamisha Lissu. Katikati ya kampeni viongozi wetu wa ACT, Zitto na Maalim Seif, wakatangaza kwamba wao wako na Lissu. Membe akasema yeye bado ni mgombea, na kwenye karatasi ya kura jina lake lilikuwepo. Sasa mwanachama wa kijijini ufanye nini? Baba yangu alifuata viongozi, mama alifuata karatasi. Rais Magufuli alitangazwa na asilimia 84, kwa hiyo msinipigie hesabu za kuungana. Nasema tu, mkimwacha mgombea wenu, mwacheni kabla karatasi hazijachapishwa.

Mjumbe Mstaafu, Likoni
Mnabishana wajumbe au wanachama wote. Ulizeni kwanza daftari la wajumbe analilaza nani. Chama sikitaji. Tulichaguliwa tawini, tukapewa fulana, tukapakiwa basi usiku hadi Nairobi. Getini kijana na orodha yake anasoma majina ya tawi letu, sita hatuyajui, na langu halimo. Nikamwonyesha barua yenye muhuri. Akaniambia, mzee, huo muhuri ni wa zamani.

Mwanzisha mada, Nakuru
Na waliopiga kura ndani wakampitisha nani?

Mjumbe Mstaafu, Likoni
Yule yule aliyetuletea basi. La kurudi halikuwepo.