Tupeane uzoefu: mliowahi kupewa kazi ya kikundi ya kutengeneza filamu fupi shuleni au chuoni, ilikuwaje?

MbagalaKwetu:

Wakuu, habari za muda huu. Mdogo wangu yupo Kidato cha Tatu, jana karudi nyumbani na karatasi: kikundi cha watu watano, filamu ya dakika tano, wiki tatu. Anataka nimwambie aanzie wapi. Nimeona badala ya kumpa ya kwangu peke yake tukusanye ya wengi, yale yaliyowakuta wenyewe. Naanza mimi.

2019 nilikuwa nasoma diploma ya uandishi wa habari hapa Dar. Kikundi watu sita, filamu ya dakika saba. Tukaamua kumfuata mama mmoja anayekaanga vitumbua kituoni asubuhi. Mwenzetu angeigiza binti yake anayetoroka shule ili amsaidie, na mama akakubali kuigiza nafasi yake mwenyewe. Kamera tuliazima, nzuri kweli, na siku mbili nzima tulibishana nani ataishika. Maiki hakuna aliyeiulizia.

Tulifika saa kumi na moja alfajiri. Sini, yaani tukio la kwanza la filamu, ilikuwa ndogo: mkono wa mama, kijiti, kitumbua kinageuka. Basi. Lakini kitumbua kinageuzwa mara moja, ukikikosa umekikosa, unahamia kishimo kinachofuata. Teki (jaribio la kurekodi) ya kwanza mpiga picha alisahau kubonyeza kurekodi. Ya pili fokasi ikashika moshi, kikaango kikawa ukungu. Ya tatu mteja akapitisha mkono na noti ya elfu. Tulikuja kuipata teki ya 14, na vitumbua vyote vya kabla ya hapo tulivinunua sisi, maana mama hawezi kupoteza wateja wake kwa ajili ya masomo yetu.

Kurudi nyumbani, picha safi. Sauti sasa! Daladala, makonda, mafuta yanachemka. Maneno ya mama hayasikiki hata moja. Kamera ilikuwa hatua nne kutoka kwake, na maiki ya ndani ya kamera husikia kilicho karibu nayo, kwa hiyo kilichosikika vizuri kuliko vyote ni pumzi za mpiga picha. Ikabidi turudi. Safari hii tulichukua simu ya kawaida, tukaiweka irekodi sauti tu, tukaifunga ndani ya kanga ya mama kifuani, kama shubiri moja kutoka mdomoni. Mwanzo wa kila teki mtu anapiga kofi moja mbele ya kamera. Ukikaa kuhariri unatafuta kofi kwenye picha, unatafuta kofi kwenye sauti, unayalaza pamoja. Simu ile ya laki na nusu ilituokoa kuliko kamera tuliyoigombania.

Na mafuta yale tuliyoyachukia siku ya kwanza yakaja kutufaa. Tulikuwa na sini ya mvua, na ilikuwa Agosti, mvua hakuna. Usiku tunahariri, mmoja wetu amefumba macho anasikiliza, akasema, "Jamani, si mvua hii?" Kweli, mafuta ya vitumbua ukiyasikiliza bila picha ni mvua juu ya bati. Tukamsimamisha binti dirishani, mtu yupo nje anamwagia kioo maji, juu yake tukaweka sauti ya mafuta. Darasa zima hakuna aliyetambua.

Haya, tiririkeni.

Daftari la Jumamosi:

Hamjambo. Mimi ni wa Kakamega. Huku Kenya tamasha la kitaifa la maigizo ya shule lina kitengo cha filamu, kwa hivyo kwa shule nyingi haiwi kazi ya darasani tu, ni mashindano ya kupanda ngazi hadi taifa. Sisi tulikuwa shule ya bweni ya wasichana, Kidato cha Pili. Simu haziruhusiwi, hivyo tulitumia ya mwalimu, Jumamosi alasiri peke yake, baada ya usafi. Filamu ya dakika nane ilituchukua Jumamosi tano.

Hapo ndipo nilipojua kwamba filamu haifuati mpangilio wa hadithi wakati wa kuishuti. Msichana anatoka mlangoni Jumamosi ya kwanza, anafika langoni Jumamosi ya tatu, na kwenye filamu hizo ni sekunde mbili. Mimi nilipewa daftari. Niliandika sweta imefungwa vifungo vingapi, soksi iko juu au chini, begi liko bega gani, kivuli cha mlingoti wa bendera kimelala upande gani. Wengine waliona ni kazi ya kumpa mtu aliyebaki.

Kisha ikaja likizo ya katikati ya muhula, na mwigizaji wetu mkuu akarudi amenyolewa. Nyanya yake alikuwa amefariki, na kwao baada ya mazishi watu wa familia hunyolewa. Hakuna aliyemlaumu, Mungu shahidi. Lakini nusu ya filamu alikuwa na nywele. Mwalimu akatuita, akasema filamu inaweza kusubiri au tukaiacha kabisa, mwenye uamuzi ni yeye aliyefiwa.

Alinyamaza siku mbili. Jumatatu jioni tukiwa kwenye foleni ya chakula akaniambia, "Andika kwa daftari lako kwamba hata kwa hadithi, nyanya amekufa." Nyanya wa hadithi ndiye aliyekuwa akilipa karo. Kwa hivyo kila kitu kikabadilika kuanzia katikati, na kusema kweli hadithi ilipata mguu wa kusimamia ambao haikuwa nao. Tuliongeza sini moja isiyo na neno: anavua kitambaa mbele ya dirisha, anapitisha kiganja kichwani kutoka kisogoni kuja mbele, anafunga tena kitambaa. Teki moja. Mwalimu hakuomba ya pili.

Hatukufika taifa. Daftari ninalo mpaka leo.

MbagalaKwetu:

Dada, pole sana kwa mwenzenu. Hilo la daftari namwambia mdogo wangu leo hii.

Forodhani Jioni:

Assalaam alaykum. Mie wa Unguja. Sisi skuli tulishuti darasani, na tulipokwenda kutizama tukakuta mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye picha kama mawimbi. Tukadhani simu mbovu. Kumbe ni taa. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa za tyubu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Simu nyingi zinarekodi fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde na haziendi sambamba na hizo taa. Weka fremu 25, na kama programu yako ya kamera inakupa ruhusa, shata, yaani muda kila picha inapopokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Kama haikupi, zimeni taa mfungue madirisha.

Jengine ni jua. Huku kwetu karibu na ikweta jua halizami kwa mbwembwe, linashuka moja kwa moja. Tulipanga sini ya mwisho Forodhani, pale vijana wanapojirusha baharini, na ule mwanga wa dhahabu tuliupata labda dakika ishirini. Mwigizaji wetu yumo katikati ya sentensi, adhana ya magharibi ikaanza, msikiti mmoja, kisha wa pili, kisha pande zote. Akanyamaza. Akashusha macho, akangoja mpaka ikamaliza, akaendelea na sentensi ileile pale alipoiacha. Mpiga picha alikuwa na akili, hakukata. Katika kuhariri tuliiacha yote.

Dada wa Mwanza:

Mimi nina langu na bado linaniuma. Kikundi watu saba, wasichana wawili. Siku ya kugawana kazi, kabla sijafungua mdomo, mwongozaji mwanaume, mpiga picha mwanaume, mhariri mwanaume. Sisi wawili tukaandikwa "mavazi na chakula". Wiki mbili nimepiga pasi mashati na kubeba hotpoti ya wali mpaka ufukweni, na kila nikisema jambo kuhusu picha naambiwa tusubiri tumalize.

Zimebaki siku nne, mhariri akasema laptop yake imegoma na yeye ana mtihani wa marudio. Wote kimya kwenye grupu. Nikachukua mimi. Sikuwa na laptop, nilihariria CapCut, programu ya kuhariri video, kwenye simu yenye nafasi ndogo, nikifuta picha zangu za mahafali moja baada ya nyingine ili video ziingie. Usiku wa pili ndipo nikaanza kuelewa. Ukikata mtu kabla hajamaliza kugeuka, jicho la mtazamaji linamaliza lenyewe. Ukimwacha amalize, filamu inalala. Hakuna aliyenifundisha, niliiona tu baada ya kuirudia ile sehemu mara hamsini.

Siku ya kuonyesha, mmoja akawa ameongeza majina ya mwisho. Jina langu: Mavazi na Chakula.

Mwalimu akauliza nani amehariri, maana ameipenda. Nilinyoosha mkono. Waliniangalia kama nimewasaliti. Jamani wenye vikundi, andikeni kazi za kila mtu kwenye karatasi siku ya kwanza, na mtu asipangiwe kazi kabla hajasema anataka nini. Mapishi ni kazi, siyadharau, ila nilikuwa na macho na hakuna aliyeyahitaji mpaka mambo yalipoharibika.

Mdau wa Kanda ya Kati:

Dada wa Mwanza, pole, na hongera kwa kunyoosha mkono.

La kwangu fupi. Video zetu zote zilikuwa kwenye flashi moja. Tukaenda steshenari kuchapa skripti, flashi ikachomekwa kwenye kompyuta ya pale, ikarudi kila folda imegeuka shotikati ya kilobaiti chache. Kijana wa pale akasema imekufa, akaifomati. Miaka miwili baadaye ndipo nikajua kirusi kile kilikuwa kinaficha faili tu, hazikufutwa, tungeweza kuziona tena bila kupoteza kitu. Siku tisa za kushuti zilikwenda hivyo.

Kopi tatu, mifuko mitatu ya watu watatu tofauti. Na mkitumiana kwa WhatsApp tumeni kama dokumenti, mkituma kama video inabanwa na haitarudi ilivyokuwa.

Chaki na Pazia:

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro, kazi hii nimeitoa mara tatu. Mwaka wa kwanza nililetewa skripti ya kurasa 15 kwa filamu ya dakika tano. Kwa kawaida ukurasa mmoja ni kama dakika moja. Sasa hivi kabla hawajagusa simu nataka wanichoree hadithi kwenye visanduku kumi, hata kwa watu wa vijiti, na wanisimulie kwa kidole bila kusoma. Wakikwama kwenye kisanduku cha sita, hadithi ndiyo imekwama hapo.

Muziki: msichukue wimbo wa msanii. Kikundi kimoja kiliipandisha filamu mtandaoni wakakuta imezimwa sauti yote, na maneno yao yakaenda humo humo. Kuna kijana darasani anapiga marimba au anaimba kwaya, muombeni huyo. Na yeyote anayeonekana usoni aombwe ruhusa, mtoto aombewe kwa mzazi.

Alama siwapi kwa kikundi tu. Namwita kila mmoja peke yake, nasimamisha filamu popote, namuuliza: kwa nini kamera ipo hapa na siyo pale? Aliyekuwepo anajibu.

Tunaonyesha kwenye shuka jeupe ukumbini, projekta ya kuazima. Wanafunzi wanaokaa kimya mwaka mzima, siku hiyo wanasimama mlangoni kuwakaribisha wazazi.

Kidato cha Tatu B:

Shikamooni. Nimesoma kuanzia juu. Sisi tunaanza kushuti Jumamosi, kwetu nyumbani. Nimeshaandika: daftari, kofi, kopi tatu, fremu 25, visanduku kumi, kuzima taa. Swali langu, mwigizaji wetu mkubwa ni mama yangu mzazi. Nyumbani anaongea vizuri tu, ila tukiwasha simu anaongea kama anasoma risala. Nami naona aibu kumwambia arudie. Nifanyeje?

MbagalaKwetu:

Marahaba mdogo wetu. Yule mama wa vitumbua alikuwa hivyohivyo. Siku ya kwanza tulimwambia "ongea kwa huzuni", akakauka. Siku ya pili hatukumwambia kitu kuhusu huzuni. Tulimwacha na sufuria lake la unga, akoroge kama anavyokoroga siku zote, na mwenzetu akamuuliza swali la kwenye hadithi akiwa pembeni, nje ya picha: "Mama, kesho niende shule au nije huku?"

Aliendelea kukoroga. Mara tatu, mara nne. Halafu akasema, bila kuinua uso, "Nenda. Mimi nitaamka mapema zaidi."

Kwenye skripti yake palikuwa na mistari sita. Tuliifuta yote.

Kwa hiyo mama yako mpe mchicha achambue, au nguo azikunje, kazi anayoifanya bila kufikiri. Mwenye simu aanze kurekodi mapema, msipige kelele za "anza". Mwambie kabisa kabla kwamba mtarudia mara nyingi na si kosa lake, atakuelewa. Swali umuulize wewe mwenyewe, siyo rafiki yako. Na mchicha mnunue mafungu mawili, wa kwanza utaisha.

Jumapili utuambie.