Naomba ushauri, ploti jirani yataka kugeuzwa godauni

Jamani naombeni ushauri, hapa kwetu Tudor, Mombasa, kuna ploti imewekwa bango la kubadilisha matumizi kutoka makazi kwenda biashara, na bango lenyewe wamelificha nyuma ya mwarobaini, ukipita na tuktuk hulioni. Tunasikia ni godauni, sasa hayo malori yatapita wapi na kabro (matofali ya barabarani) zenyewe zishaanza kutitia, mvua ikinyesha mtaro wafurika hadi ndani? Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 yaruhusu rufaa kwa kamati ya kaunti ya mipango hiyo ndani ya siku 14 baada ya uamuzi, lakini uamuzi bado. Je pingamizi kila nyumba iandike barua yake ama moja tu na sahihi za mtaa mzima? Na MCA (mwakilishi wetu wa wadi) tumpe nakala, ama ndo atatuuza?