Naomba ushauri: mwenye chongo anaweza kujifunza kufinyanga sanamu?

Mwanafunzi Mtarajiwa: Habari zenu wanajukwaa. Nina chongo la jicho la kushoto tangu utotoni, na sasa nataka kujifunza kufinyanga sanamu za udongo. Rafiki yangu anadai kwamba ubongo hupata umbo kwa kulinganisha picha za macho mawili, na kwamba mimi huona kila kitu bapa kama picha ya ukutani. Sikubaliani naye, kwa sababu pua ya mtu naiona imetokeza na chungu nakiona kimeviringa. Je, ubongo wangu huyapata wapi maumbo hayo, na nifanye mazoezi gani kabla ya kulipa ada?

Udongo Mbichi: Rafiki yako ameshika nusu ya jambo. Macho yametengana kwa takriban sentimita 6, hivyo kila moja hupokea picha iliyotofautiana kidogo na ya mwenzake. Mwaka 1838 mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha, kwa kifaa cha vioo alichokiita stereoskopu, kwamba tofauti hiyo pekee yatosha kumfanya mtu aone kina katika michoro miwili bapa. Hata hivyo, retina yoyote, yaani utando wa nyuma ndani ya jicho unaonasa mwanga, hupokea picha bapa, na picha moja ingeweza kutokana na maumbo yasiyo na idadi, kwa hiyo ubongo hukisia lililo karibu zaidi na ukweli kwa kutazama jinsi mwanga unavyofifia panapopinda, jinsi madoa yanavyobanana kuelekea ukingoni, na hasa jinsi kitu kinavyosogea. Wanasaikolojia Hans Wallach na D. N. O'Connell walieleza mwaka 1953 kwamba kivuli cha waya uliopindwa huonekana bapa waya unapotulia, lakini unapozungushwa mtazamaji huona umbo la pande tatu, ingawa kivuli chenyewe hakijaacha kuwa bapa. Hapo jicho la pili halina kazi. Fanyia mazoezi juu ya kibao kinachozunguka, na usiache kusogeza kichwa.

Mpenda Vivuli: Naafiki, ila vivuli visiaminiwe mno. Ubongo huchukulia kwamba mwanga hutoka juu, ndiyo maana picha ya kinundu ikipinduliwa juu chini huonekana kama kishimo. Barakoa nayo, ikitazamwa kwa upande wake wa ndani, huonekana uso uliotokeza, na kwa jicho moja kosa hilo huja kwa urahisi zaidi. Badilisha mahali pa taa mara kwa mara, kisha pitisha vidole palipo na shaka.

Mwanafunzi Mtarajiwa: Nashukuru sana. Kuna jambo lolote ambalo mwendo na taa havitalifidia?

Udongo Mbichi: Lipo: kukadiria kwa haraka umbali wa karibu, kwa mfano ncha ya kisu inapokaribia udongo. Gusa kwanza kwa mkono mwingine, ndipo ukate. Zana zenye makali zipange kulia kwako, kwa kuwa upande wa kushoto uwanja wako wa kuona ni mfinyu. Ada lipa.