Tupeane uzoefu: Ulijifunzaje Omaha, na kanuni gani ilikusumbua?

#1
Wadau, habari za muda huu. Mimi nilizoea Texas Hold'em, ile poka ya karata mbili mkononi na tano za pamoja mezani. Nikaingia Omaha nikijua tofauti ni kuongezewa karata mbili tu. Siku ya kwanza nimeshika ree ya shupaza, mfalme na malkia wa kopa, na tisa ya uru. Mezani zikalala 10, 7, 4 na 2 za shupaza, pamoja na tisa ya pau. Shupaza nne mezani, na ree yake ninayo mimi! Nikasukuma katikati njiti zangu zote za kiberiti. Mwenzangu akafunua 6 na 3 za shupaza, akala dau lote.

Aliyekuwa akitufundisha hakubishana nami. Alichomoa karata mbili mkononi mwangu akazilaza kando ya tatu za mezani, akazirudisha, akachomoa mbili nyingine, hivyo hivyo mpaka zikaisha njia zote sita za kuchagua mbili kati ya nne. Hakuna iliyotoa shupaza tano. Omaha inataka mbili za mkononi na tatu za mezani, basi. Moja na nne haipo. Kumbe nilichokuwa nacho ni jozi ya tisa.

Wewe ulikwama wapi, na nani alikukwamua?

#2
Hiyo ya mbili kwa tatu ndiyo mchezo wenyewe, mleta mada. Mimi iliniingia siku mezani zilipolala 7 tatu na wafalme wawili. Kwenye Hold'em hapo hata asiye na kitu anatumia hizo tano za mezani, na wote wakiwa hivyo dau linagawanywa. Nikatulia nikisubiri mgao. Dada mmoja akafunua jozi ya mbili, karata ndogo kuliko zote, akashinda: 7 tatu za mezani na 2 mbili za mkononi, ful hausi. Mimi na ree yangu nilikuwa na 7 tatu tu, kwa sababu mkononi sikuwa na jozi, wala 7, wala mfalme. Tangu hapo naangalia kwanza mkononi, ndipo nageukia meza.

Jambo jingine: ukigawiwa wafalme watatu usifurahi. Wawili ndio watakaofanya kazi, na huyo wa tatu amekupunguzia nafasi ya kupata mwingine mezani.

#3
Sisi tulijifunza kwa kucheza karata zikiwa wazi, kila mtu anaona za mwenzake. Michezo kumi hivi, tukafunika. Naipendekeza sana kwa anayeanza.

#4
Mimi na kaka yangu hucheza wawili tu, na kwetu ugomvi ulikuwa nani aanze. Tukiwa wengi ni rahisi: wawili walio kushoto kwa mgawaji wanaweka dau la lazima, wa kwanza dogo na wa pili kubwa. Mkiwa wawili mambo yanageuka. Mgawaji ndiye anayeweka lile dogo, na ndiye anayeanza kuamua kabla ya karata za mezani kufunuliwa. Zikishafunuliwa tatu za kwanza, mwenzake ndiye anayetangulia mpaka mwisho wa mchezo. Tulicheza kinyume muda mrefu, na aliyekosa faida ya kuamua mwisho alikuwa mimi!

#5
Kwangu ilikuwa hesabu ya dau. Omaha mara nyingi huchezwa kwa kikomo cha kilichopo mezani, nami nilidhani pakiwa na 100, na mtu akaweka 50, mwisho wangu ni 150. Sivyo. Kwanza unahesabu kama umeshalipa 50 yake, mezani panakuwa na 200, halafu unaruhusiwa kupandisha kwa hiyo 200. Jumla unatoa 250. Niliandika mfano huo kwenye karatasi nikauweka kando ya meza hadi ukakaa kichwani.

#6
Mleta mada hapa. #4, asante sana, hata sisi tulikuwa tunakosea hapo. #5, mfano wako nimeunakili. Tunachotaka kujaribu sasa ni ile Omaha ambayo dau linagawanywa kati ya mkono wa juu na wa chini, na wa chini lazima uwe na karata tano tofauti zisizozidi 8. Aliyeicheza atuambie alianzaje.