Bosi ananiambia "fanya kazi, matunda siyo haki yako". Hii Bhagavad Gita, kitabu cha dini cha Wahindu, ina kitu kwa sisi vijana au ni ya wenye maduka?

KijanaWaChuno:
Wadau habari za jioni. Niko Mtwara mjini, nina diploma ya manunuzi na ugavi, kazi ya fani bado sijapata kwaio nipo dukani kwa Mhindi mmoja anauza vifaa vya ujenzi, nabeba mabati, naandika risiti, jioni nafunga hesabu. Mzee mwenyewe ni mtu wa dini, Mhindu, kila asubuhi kabla hatujafungua anawasha udi mbele ya picha ya Krishna, mungu wao, iliyopo juu ya droo ya pesa, anasoma kurasa mbili tatu za Gita ndo siku inaanza. Mimi ni Muislamu, sina tatizo na ibada ya mtu, na namheshimu kweli, ila kuna jambo limenikaa kooni. Msimu wa korosho watu wana hela wanajenga, tunafunga saa tatu usiku, sasa kila nikigusia ovataimu ananijibu kwa upole kabisa, "mwanangu, Krishna anasema una haki ya kufanya kazi, matunda siyo haki yako".

Basi nikirudi geto nakuta mwenzangu mmoja kachanikiwa mkeka wa kubeti anatafuta buku la kuanzia upya, mwingine kakopa kwenye simu ili alipe mkopo mwingine wa simu, wa tatu anaangalia stetasi za tuliosoma nao walioko Dar mpaka usingizi haumjii. Nikawa najiuliza hicho kitabu kina neno kwa watu kama sisi kweli? Au kazi yake ni kutunyamazisha? Anayekijua anisaidie, matusi ya dini sitaki.

DadaWaLindi:
Kaka pole na majukumu. Mimi ni Mhindu, nimezaliwa Lindi mjini, Gita nimesomewa na bibi yangu tangu mdogo. Huo mstari ni wa 47 sura ya 2 na bosi wako kakusomea nusu. Unaendelea, unasema usiifanye kazi kwa tamaa ya matunda tu, na mwisho kabisa unasema wala usishikamane na kukaa bila kutenda. Hicho kipande cha mwisho watu wanakirukaga. Na angalia anaambiwa nani. Anayeambiwa ni Arjuna, mwana wa mfalme, yupo kwenye gari la vita uwanja wa Kurukshetra, mikono inamtetemeka, mdomo umekauka, upinde umemponyoka, kakaa chini hataki kuendelea. Yani ni mtu aliyezidiwa na hofu ya yatakayotokea mpaka kashindwa kufanya kilicho mbele yake. Dawa ya hofu hiyo ndo huo mstari, kwamba matokeo yana mikono mingi, wewe shika kile kilichopo mkononi mwako ukifanye vizuri. Kijana anayetuma maombi ya kazi na kuingia usaili anauhitaji kuliko mwenye duka.

Ila kusema ni katazo la kudai haki yako, hapana kabisa, maana Gita ni sehemu ya Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa Wahindu, na kabla ya hiyo vita Krishna mwenyewe alienda kama mjumbe kudai haki ya akina Arjuna. Walikuwa tayari kupewa vijiji vitano tu yaishe. Duryodhana, binamu yao aliyeshikilia ufalme, akajibu hata ardhi ya kuchomeka ncha ya sindano hatoi. Kama kudai ni dhambi Krishna angewaambia warudi msituni walikokuwa uhamishoni wanyamaze. Na Gandhi, ambaye Gita ilikuwa kitabu chake cha kila siku, mwaka 1918 alisimama na wafanyakazi wa viwanda vya nguo Ahmedabad waliokuwa wanadai nyongeza ya asilimia 35, mpaka akafunga kula. Kingine, mstari huo haukumtenga mwenye mali. Kama matunda siyo ya kung'ang'ania basi na faida ya msimu wa korosho nayo ising'ang'aniwe.

AbuuMikindani:
Kaka mimi naona unazunguka mbali. Sisi Waislamu tunafundishwa mfunge ngamia kisha mtegemee Mungu, inatosha. Na ovataimu usiitafute kwenye Gita wala kwenye msahafu, ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zikizidi unalipwa si chini ya mara moja na nusu. Dai mkataba wa maandishi, andika saa zako kwenye daftari kila siku, mkishindwana kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

MwalimuMstaafu_Masasi:
Abuu umesema kweli kuhusu sheria, na hilo la ngamia na la Dada wa Lindi mbona yanaelekea sehemu moja. Ila mimi nataka kurudi kwa huyo wa mkeka maana naona hapa Masasi vijana wangu niliowafundisha wanavyoisha, na hakuna maandiko yaliyomwelezea mcheza kamari kwa karibu kama ya Wahindu. Wana mkusanyiko wa kale sana unaitwa Rigveda, kitabu cha 10 utenzi wa 34 mcheza kamari anaongea mwenyewe. Kete zao enzi hizo zilikuwa kokwa za mti. Anasema mama mkwe ananichukia, mke ananisukuma, baba na mama na ndugu wanasema huyu hatumjui mfungeni mwende naye. Anasema nikiamua sitacheza tena marafiki wananiacha nyuma, halafu nikisikia tu kete zinalia ubaoni nakwenda mbio. Ana madeni, usiku anajipenyeza nyumba za watu. Sasa niambieni tofauti na kijana ambaye kaapa asubuhi, saa kumi jioni simu ikilia ujumbe wa ofa kashaweka tena. Na jibu analopewa ni fupi, acha kete, lima shamba lako, ridhika na kile unachokipata humo.

Alafu Mahabharata yenyewe chanzo cha kuporomoka ni kete. Yudhishthira, kaka mkubwa wa Arjuna, mtu aliyesifiwa kwa ukweli kuliko wote, alicheza na Shakuni, mjomba wa Duryodhana, akapoteza mali, akapoteza ufalme, akaweka wadogo zake mmoja mmoja, akajiweka mwenyewe, mwisho akamweka Draupadi, mke wa ndugu hao wote watano. Yule mama akauliza swali mbele ya wazee wote, aliyekwisha kujipoteza mwenyewe alikuwa na haki gani ya kuniweka mimi? Wazee wakakosa jibu, hata Bhishma, mzee wa ukoo. Mimi swali hilo huwa nawauliza vijana waliooa wanaobeti ada ya mtoto.

BodaMagomeni:
Shikamoo mwalimu. Hapo kwenye simu ikilia umenigusa, kijiweni kwetu kuna mwana akipata abiria wa elfu mbili haijafika tanki la mafuta ishaenda kwenye kandege, ule mchezo wa kubeti wa kwenye simu. Sasa kumwambia aache hata mama yake kamwambia, kitabu kinasemaje anaachaje?

MwalimuMstaafu_Masasi:
Marahaba mwanangu. Gita sura ya 2 mstari wa 62 na 63 inaonyesha mtu anavyoanguka hatua kwa hatua. Anaanza kukiwaza kitu, akikiwaza sana anakishikilia, kushika kunazaa tamaa, tamaa ikizuiwa inazaa hasira, hasira inaleta upofu wa akili, anasahau alichojifunza, busara inakufa na yeye kaisha. Ukitazama hapo pa kukatia ni pale mwanzo kwenye kuwaza, siyo pale mwisho ambapo hela ishaingia. Kwaio programu itoke kwenye simu, meseji zao zifungiwe, akimaliza abiria hela iende kwa mtu anayemuamini kabla hajarudi kijiweni. Na ajue akili haitatulia kwa siku moja, Arjuna mwenyewe analalamika sura ya 6 kwamba kuizuia akili ni kama kuuzuia upepo na Krishna hambishii, anamwambia ni kweli ni ngumu, ila kwa kurudia rudia zoezi na kuacha kung'ang'ania inawezekana. Akirudi kucheza mara moja msimcheke, anaanza tena.

MamaKorosho_Newala:
Mimi sina elimu ya vitabu hivyo ila hayo ya matunda nayaona shambani. Mkorosho unaupalilia, unaupiga salfa ugonjwa wa ubwiri usiingie kwenye maua, baada ya hapo mvua siyo yako na bei ya mnada siyo yako. Msimu wa 2018 nani alijua wanunuzi watagoma mpaka serikali ichukue korosho kwa shilingi 3,300 kilo? Ila yule mwenye papara ya matunda ndo anauza kangomba, korosho ziko juu ya mti bado yeye keshakula hela kwa bei ya kutupa, watoto wakirudi shule anahangaika. Wanangu wa kiume wote wawili nawapigia kelele hilo hilo. Mkopo wa kwenye simu nao mimi nauona ni kangomba tu.

KijanaWaChuno:
Aisee ahsanteni sana, shikamoo mwalimu na mama. Daftari la saa nimeanza leo. Bosi siyo mtu mbaya nadhani nikimwendea na hiyo ya vijiji vitano atanisikiliza kuliko nikimwendea na sheria moja kwa moja, sheria nitaibakiza mfukoni. Dada wa Lindi, nikitaka kusoma mwenyewe nianzie wapi, mistari 700 ni mingi na mimi natoka kazini nimechoka. Na yule wa stetasi za Dar je?

DadaWaLindi:
Yule wa stetasi mpe sura ya 3 mstari wa 35, ni bora njia yako mwenyewe hata ukiitembea kwa kasoro kuliko ya mwenzako uliyoiiga vizuri. Halafu sura ya 6 mstari wa 16 na 17, inaongelea kula na kulala kwa kiasi, asiyelala hapati utulivu wa akili, kwaio simu ilale chumba kingine.

Wewe anzia sura ya 2 mstari wa 54, hapo Arjuna anauliza mtu aliyetulia anaongeaje, anakaaje, anatembeaje, jibu lake linakwenda mpaka mwisho wa sura, ni mistari kama ishirini hivi unasoma kwa kikao kimoja. Sura ya 3 inafungua na Arjuna anambana Krishna kwa swali gumu kama lako la leo, na anajibiwa bila kugombezwa. Ukimfuata mzee nenda asubuhi akishamaliza kusoma, kabla wateja hawajajaa, na ukae naye umuombe akusomee ule mstari wa 47 wote mpaka mwisho.