Masta silinda ya breki ya mbele, Honda CB550 ya 1976: raba mpya, kopi mpya, au ya mtumba?

Loleza76 (Mbeya)

Wakuu, habari za huko mliko. Nina Honda CB550 ya mwaka 1976, nimeachiwa na baba mdogo, iko Sokomatola na inawaka vizuri tu. Diski moja mbele, dramu nyuma. Shida ni breki ya mbele. Ukibana na kushikilia, mkono wa breki unazama taratibu hadi unagusa gripu. Ukipampu unapanda, ukiachia na kubana tena unazama vilevile. Kalipa (ile inayobana pedi kwenye diski) kavu, mipira ya mafuta mikavu, ila kwenye masta silinda (pampu ya mafuta ya breki iliyo kwenye usukani), pale pistoni inapoingilia, kuna unyevu na rangi nyeusi imebabuka mpaka aluminiamu inaonekana.

Nina njia tatu kichwani. Ninunue seti ya raba na pistoni niifunge kwenye mwili uleule. Au niagize kopi mpya inayofanana na ya Honda. Au nichukue ya mtumba ya pikipiki nyingine pale Mwanjelwa maisha yaendelee. Pikipiki naipenda na nataka ibaki na sura yake, lakini huwa nashuka nayo hadi Tukuyu, kwa hiyo breki ndiyo kwanza. Aliyewahi kuhangaika na hili aniambie ipi ina maana.

FundiIpogolo (Iringa)

Kamwene mkuu. Maelezo yako yamejitosheleza. Mkono ukizama na nje hakuna tone, mafuta yanapita pembeni ya raba ya mbele ya pistoni na kurudi kwenye kikopo cha mafuta juu ya masta. Huo unyevu wa mdomoni ni raba ya nyuma, nayo imechoka. Ingekuwa upepo ndani ya mafuta, mkono ungebonyea-bonyea tangu unapogusa, na usingezama ukiwa umeushikilia.

Usinunue chochote kabla hujafungua. Vua raba ya vumbi, utaona saklipu (pete ya chuma inayozuia pistoni) ndani kabisa ya tundu. Sukuma pistoni kidogo kwa bisibisi butu, toa saklipu kwa plaizi ya mdomo mrefu. Ikishatoka, spring itaisukuma pistoni nje, na kama imeganda usiigonge, iloweke. Safisha tundu kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Petroli isiguse raba yoyote ya breki, inaivimbisha.

Kisha chukua tochi, angalia ukuta wa chini wa tundu, kwa sababu maji yaliyonyonywa na mafuta hukaa chini pikipiki ikiegeshwa muda mrefu. Pitisha ncha ya ukucha. Ukucha ukiteleza mwanzo hadi mwisho, seti ya raba itakufaa na utakuwa umemaliza kwa bei ndogo kuliko zote. Ukinasa kwenye vishimo, sehemu ambayo raba ya mbele inapita, seti ni pesa ya kutupa: raba mpya itakwanguliwa na baada ya muda mfupi mkono utaanza kuzama tena. Mafundi wengi hapa hupitisha msasa na kufunga. Msasa unaondoa uchafu, kishimo hauondoi. Ukisugua hadi kiishe, tundu limeshakuwa pana na raba haibani.

Mtumba_Mwanjelwa (Mbeya)

Mkuu wa Sokomatola, usijichoshe na vitu vya 1976. Usukani wako ni wa milimita 22, sawa na pikipiki karibu zote za Japani na India. Masta yoyote ya diski inakaa. Tafuta ya pikipiki kubwa yenye diski mbili, ile iliyoandikwa 5/8 chini ya mwili. Inasukuma mafuta mengi zaidi, breki inakuwa kali. Watu wamefunga hivyo na wanatembea.

Mwalimu_Njombe (Njombe)

Kaka wa Mwanjelwa, nakuheshimu, na kweli masta itakaa kwenye usukani bila shida. Ila hilo la breki kuwa kali ni kinyume kabisa, na mtu anaweza kuumia kwa ushauri huo. Nafundisha fizikia, niruhusu nipige hesabu hapa.

Nguvu inayofika kwenye pedi inategemea uwiano wa eneo la pistoni ya kalipa na eneo la pistoni ya masta. Kalipa ya CB550 ina pistoni moja ya takriban milimita 38. Masta yake ya asili ina kipenyo cha ndani cha milimita 14. Zidisha kila kipenyo kwa chenyewe, gawanya: 1,444 kwa 196, unapata 7.4. Kila kilo moja inayosukuma pistoni ya juu inakuwa kilo 7.4 kwenye pedi.

Sasa funga hiyo ya 5/8, yaani milimita 15.9. Uwiano unashuka hadi 5.7. Umepoteza zaidi ya moja ya tano ya nguvu kwa kubana kulekule. Mkono utakuwa mgumu na mfupi, na ugumu huo ndio unaowadanganya watu waseme breki ni kali. Masta ile ilitengenezewa kalipa mbili, ndiyo maana inahitaji kusukuma mafuta mengi.

Ukienda upande wa pili, masta ya nusu inchi, milimita 12.7, uwiano unapanda hadi 9. Breki inakuwa laini na yenye nguvu kwa vidole viwili. Gharama yake ni kwamba mkono unasafiri mbali zaidi, kama asilimia 20 hivi. Kama mipira yako ya mafuta ni ileile ya zamani, inavimba ukibana, na safari hiyo ya ziada inaweza kukufikisha kwenye gripu tena. Masta ya nusu inchi iende na mpira mpya wenye suka ya stenlesi.

Kwa hiyo ya mtumba haina ubaya kwa kuwa ni ya mtumba. Geuza mwili, soma namba iliyotokeza chini yake. 14 au 1/2, zungumza bei. 5/8, irudishe mezani. Haina namba, pima kwa venia (kipimo cha kipenyo) au iache.

Mtumba_Mwanjelwa (Mbeya)

Hesabu nimeielewa mwalimu. Ninazo mbili za 14, nitazitenga. Loleza, pita uzione, na uje na tochi yako uangalie ndani kabla hujalipa.

KerezaIyunga (Mbeya)

Kuna njia ya nne haijatajwa. Mwili wa zamani unaweza kupanuliwa kwenye mashine ya kukereza, ukavalishwa bushi (bomba jembamba la ndani) ya stenlesi, kisha bushi ikasafishwa hadi 14 kamili. Ikifanywa vizuri ni bora kuliko ilivyotoka kiwandani, maana stenlesi hailiki kama aluminiamu.

Ila nasema wazi kwa sababu kazi hii naifanya. Kukereza ni sehemu rahisi. Kazi iko kwenye yale matundu mawili yaliyo chini ya kikopo. Kubwa ni la kuingizia mafuta. Dogo, la ukubwa wa ncha ya sindano, ndilo linaloruhusu mafuta kurudi ukiachia breki. Bushi ikishaingia inaziba yote mawili, na lazima utoboe upya palepale, kisha uondoe kila ncha ya chuma iliyobaki upande wa ndani. Ncha ndogo tu itaikata raba kila inapopita. Tundu dogo likikaa mbele zaidi ya lilipokuwa, raba husafiri mbali kabla ya kulifunika na mkono unakwenda bure. Likikaa nyuma, raba hulifunika, mafuta hayarudi na breki inakamata yenyewe ikipata joto. Fundi akikwambia atamaliza wakati unakunywa chai, chukua masta yako uondoke.

Kwa mtu anayetaka pikipiki ibaki ya 1976 hadi kwenye nati, hii ndiyo njia. Kwa anayetaka kutembea wiki ijayo, hapana.

DadaMafinga (Mafinga)

Mimi nilifunga kopi mpya kwenye CB750 yangu, diski moja kama yako, 14 kama yako. Sura inafanana kabisa: kikopo cha duara, mfuniko wa kuzungusha, hata tundu la kufungia kioo cha pembeni liko. Kati ya njia zote ndiyo iliyo nyepesi kwa asiye na karakana.

Lakini kopi hazilingani ubora, kwa hiyo ukiipokea ifungue kabla hujaifunga. Yangu ilikuja na vumbi la aluminiamu chini ya kikopo, mabaki ya kutobolea. Lingeingia kwenye raba, ningerudi mwanzo. Nililitoa lote, nikapitisha uzi mmoja wa waya mwembamba kwenye tundu dogo kuhakikisha liko wazi, nikalainisha raba kwa mafuta ya breki, nikafunga. Breki iko imara na Kitonga naishuka nayo.

Jambo jingine ni taa ya breki. Swichi ya mbele ya hizi CB haiko kwenye mkono, iko kwenye kiungo cha mafuta chini ya shingo ya usukani, inawashwa na msukumo wa mafuta. Ukifunga kopi na kuacha mabomba kama yalivyo, taa inaendelea kuwaka. Ukiweka mpira mmoja mrefu kutoka juu moja kwa moja hadi kwenye kalipa, umeiruka swichi, na malori ya nyuma yako hayataona taa ukibana breki ya mbele peke yake.

MzeeWaUyole (Mbeya)

Vijana, mmesema vizuri, lakini wote mko juu kwenye usukani. Shukeni chini kidogo.

Kalipa ya pikipiki hizi ina pistoni upande mmoja tu. Ili pedi ya pili ibane, kalipa nzima lazima izunguke kidogo kwenye pini yake. Pini hiyo ikishika kutu, unabana breki na nguvu yote inaishia kuikunja diski. Nimeona watu wakibadilisha masta nzima kwa sababu ya pini iliyohitaji grisi tu. Vua kalipa, toa pini, isafishe hadi ing'ae, paka grisi ya joto kali, hakikisha mkono wa kalipa unacheza kwa kidole. Kisha kuna skrubu ya kurekebishia yenye nati ya kufungia na spring. Pedi isiyosukumwa na pistoni iachane na diski kwa milimita 0.15, unapima kwa filagechi (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Ukiacha nafasi kubwa, mkono unasafiri bure.

Pistoni ya kalipa nayo ni ya chuma kilichopakwa kromu. Kromu ikibanduka kutu inaingia, na kwenye mfereji wa raba yake kunajengeka uchafu mweupe mgumu unaoisukuma raba ibane pistoni hadi breki isiachie. Ukwangue kwa kijiti, usitumie chuma.

Na mafuta. Yaliyomo humo yana rangi gani? Yakiwa ya kahawia kama chai ya rangi, yamejaa maji. DOT 3 na DOT 4 ni madaraja ya mafuta ya breki. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205, ikinyonya maji kiwango cha chini ni 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imenyonya. Toka Uyole hadi Kyela unashuka zaidi ya mita elfu moja, na huko Rungwe mvua haikauki. Yakichemka kwenye kalipa yanakuwa mvuke, mvuke unabanwa, na mkono unafika kwenye gripu hata masta ikiwa mpya kutoka kiwandani. Weka DOT 4 ya chupa iliyofungwa, uibadilishe kila miaka miwili. Chupa iliyofunguliwa dukani ikapimwa kwa kikopo, usiiguse. Na mafuta ya gia boksi au ya injini yasiingie humo hata tone.

Loleza76 (Mbeya)

Shikamoo mzee. Nimefungua yote mawili, juu na chini. Pini ya kalipa ilikuwa imeganda kweli, imetoka kwa kulowekwa na kuzungushwa polepole. Masta: ukuta wa chini una vishimo viwili vyeusi, viko katikati ya njia ya raba ya mbele, ukucha unanasa vizuri kabisa. Kwa hiyo seti ya raba imejitoa yenyewe. Naagiza kopi ya 14 kama ya Dada Mafinga, na mwili wa zamani nautunza kwa ajili ya KerezaIyunga, tutaonana Iyunga. Mipira nabadilisha yote, kiungo cha swichi kinabaki.

Swali la mwisho: nimesikia masta kavu inasumbua kutoa upepo. Nianzie wapi?

FundiIpogolo (Iringa)

Inasumbua, ndiyo, lakini ina njia yake. Geuza usukani hadi kikopo kikae sawa na masta isiwe imeinuka upande wa mpira. Funika tangi kwa kitambaa chenye maji, mafuta ya breki yanakula rangi. Jaza kikopo, kisha bana mkono kidogo tu, safari fupifupi, ukitazama ndani. Utaona vipovu vinapanda kutoka kwenye tundu dogo. Endelea hadi viishe na uone kijimsukumo cha mafuta kikiruka kila unapobana. Hicho kinakuhakikishia tundu liko wazi.

Vikigoma, chukua bomba la sindano la duka la dawa, lijaze DOT 4, liunganishe kwa kampira na nipeli ya kalipa (skrubu ya kutolea upepo), sukuma mafuta kutoka chini kwenda juu. Upepo unapenda kupanda, utakusaidia. Angalia tu kikopo kisifurike.

Ukimaliza, funga mkono wa breki kwenye gripu kwa kipande cha tyubu, uache usiku kucha. Washa za shaba kwenye boliti za mpira wa mafuta weka mpya, mbili kwa kila boliti ya mpira mmoja, moja kila upande. Asubuhi bana kwa nguvu zako zote ukishikilia, pitisha kidole kavu kila kiungo. Kidole kikitoka kavu na mkono hauzami, jaribu kwanza barabara ya tambarare ya mtaani kwako, ndipo uende Tukuyu.

MzeeWaUyole (Mbeya)

Marahaba mwanangu. Hakikisha mkono wa breki una mchezo kidogo kabla haujagusa pistoni. Kopi nyingine hufungwa zikiwa zimeibana pistoni ndani tangu mwanzo, tundu dogo linabaki limezibwa, na breki inajikaza yenyewe ikishapata joto barabarani.